UZI: KQ ikipunguza viti, mtu wa Kericho na Bomet anaumia wapi?

Ile mada imerudi. Mmoja anasema, "Kericho inataka uwanja kamili pale Kerenga, tumechoka kwenda Kisumu kupanda ndege." Mwingine anajibu, "KQ yenyewe inapunguza safari, uwanja ni wa nini?" Kabla hamjatukanana zaidi, wacha tufafanue. Sheria ya huku mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama.

Kwanza, kampuni ya ndege "kupunguza uwezo" si lazima ifunge njia. Inaweza kutoka safari tatu kwa siku hadi mbili. Inaweza kuleta ndege ndogo mahali pa kubwa. Ama ndege inaegeshwa tu, na viti vyake vinatoka sokoni.

Kisa cha karibu kabisa. KQ ilipata faida ya shilingi bilioni 5.4 mwaka 2024, faida ya kwanza ya mwaka mzima kwa zaidi ya miaka 10. Watu wakashangilia. Nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta hasara ya takriban bilioni 12. Kulitokea nini? Sababu kubwa ni kwamba Dreamliner 3 kati ya 9 zilikuwa chini zikingoja injini na vipuri, vitu ambavyo siku hizi mashirika ya dunia nzima yanavipigania. Abiria wakapungua, mapato yakashuka karibu asilimia 19.

Na ndege iliyolala bado inagharimu. Wewe mwenye lori la kubeba majani unalijua hili: giaboksi imekufa, lori liko gereji, na benki inataka pesa yake tarehe ileile.

Sasa hiyo inafikaje kwetu? Jambojet ni kampuni tanzu ya KQ, ilianza kuruka Aprili 2014. Inatumia Dash 8 za viti 78, na ndizo zinazokwenda Kisumu na Eldoret, viwanja ambavyo watu wa Kericho na Bomet hutumia. Kwa hizo ndege si wote wanaoishia Nairobi. Kuna nesi anayekwenda Ghuba, mkimbiaji anayekwenda mbio Ulaya, mama anayekwenda kuona wajukuu Marekani. Safari ndefu za kutoka JKIA zikipungua, hao wa kuunganisha wanapungua pia, ama wananunua tiketi ya shirika lingine na kwenda Nairobi kwa matatu. Kampuni ndogo haijakosea chochote, lakini viti vyake vinabaki wazi.

Kwingine mambo ni makali kuliko haya. Marekani kampuni ndogo nyingi huruka kwa kandarasi: ndege ina rangi na jina la kampuni kubwa, lakini rubani na wahudumu ni wa kampuni ndogo, ambayo hulipwa kwa kila safari. Kampuni kubwa ikikata safari, ndogo haina abiria wake wa kukimbilia. Mwaka 2020 Trans States, Compass na ExpressJet zote tatu ziliacha kuruka ndani ya miezi sita. Kwetu hatujafika huko. Safarilink na Skyward, kwa mfano, wanauza tiketi zao wenyewe, na KQ ikijikunja wanaweza hata kupata nafasi. Tatizo ni kwamba nafasi haijazwi kesho. Ndege inakodishwa kwa dola, na vipuri ni foleni ileile.

Halafu kuna jambo ambalo mijadala hulisahau. Kampuni ndogo huumia pande zote mbili. Kubwa ikipanuka, inachukua marubani na mafundi ambao ndogo imewalea. Kubwa ikikata, hao watu wanarudi sokoni, lakini wakati huo ndogo nayo haina kazi ya kuwapa.

Na wafanyakazi? Watu hudhani maumivu huanza na barua ya kuachishwa. Hapana. Yanaanza na ratiba. Sehemu ya mapato ya rubani na mhudumu ni marupurupu ya safari. Safari zikipungua, mshahara wa msingi unabaki palepale na mfuko unakuwa mwepesi. Ni kama mchuma chai wa kilo msimu wa kiangazi: hajafutwa, lakini kikapu hakijai. Chini yake kuna wapakiaji mizigo, wasafishaji na walinzi, wengi wakiwa wameajiriwa na kampuni za kandarasi. Hao zamu zao hukatwa kimyakimya, na hutawaona kwenye takwimu za KQ.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema kupunguza wafanyakazi kunahitaji notisi ya angalau mwezi mmoja, na malipo ya si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Huko Kericho wengi walikijua kifungu hiki mashine za kuchuma chai zilipoingia. Shida ni kwamba kinamsaidia aliyeachishwa. Aliyekatiwa zamu hana cha kudai hapo.

Turudi Kerenga. Hoja ya "chai yetu itapaa" muiache. Chai inakwenda Mombasa kwa lori, inauzwa mnadani, inapanda meli. Haina haraka, na nauli ya ndege ingekula bei yote. Maua ndiyo hupanda ndege, na mwaka 2019 Finlays ilitangaza kufunga mashamba mawili ya maua hukohuko Kericho. Kwa hivyo uwanja wa Kerenga ungesimama kwa abiria, na wageni wanaokuja kuona mashamba.

Abiria wapo? Wapo, lakini ni walewale wanaojaza ndege za Kisumu. Wakati wa uhaba, kampuni huondoa ndege kwanza kwenye njia yenye abiria wachache, na njia mpya huwa ndiyo hiyo. Isiolo walipata uwanja mkubwa uliofunguliwa 2017. Safari za ratiba zilizoanza hazikudumu.

Hiyo haimaanishi Kerenga isitengenezwe. Njia nzuri ya kurukia inasaidia ndege ya mgonjwa, ndege ya kukodi, hata watalii wa msimu. Lakini hiyo ni bajeti nyingine kabisa na ya "uwanja wa kimataifa".

Kwa hivyo ukikutana na mtu anayeomba kura kwa uwanja, muulize: ni kampuni gani imekubali kuruka hapa, kwa safari ngapi kwa wiki, na safari zikikatwa nani atalipa walinzi na wazimamoto wa uwanja? Na kwa anayesema KQ iachwe ife: serikali ina asilimia 48.9 ya hisa. Mwambie aeleze deni linakwenda kwa nani, na zile Dash 8 za Kisumu zitarushwa na nani Jumatatu asubuhi.

Maswali weka hapa chini. Wa Bomet mnaopitia Narok, nauli ni ngapi sasa?