Kikohozi cha Mvutaji: Kipimwe Kwanza

Mvutaji wa sigara akikohoa mwezi mzima, hakuna anayeuliza sababu. Mke anasema ni sigara, jirani anasema ni sigara, naye mwenyewe anakubali, kisha ananunua dawa ya maji na peremende za koo. Hatari inaanzia hapo. Kasaji, mji ulio kwenye reli ya kutoka Kolwezi kwenda Dilolo, umo katika nchi ambayo Shirika la Afya Duniani limeiorodhesha kati ya 30 zinazoelemewa zaidi na kifua kikuu, na sigara huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu kwa takriban mara mbili. Kwa hiyo mtu anayevuta ana sababu zaidi ya kukishuku kikohozi chake.

Wengi wa Lualaba, jimbo ulimo mji huo, wameongezea vumbi la migodi juu ya sigara. Mwamba mkavu ukipasuliwa hutoa silika, chembe ndogo zinazofika hadi kwenye vifuko vya hewa. Seli za mapafu ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu humeza silika hiyo zikafa, na kifua kikuu kinapata njia. Aliyewahi kuchimba Kolwezi amwambie muuguzi hivyo, hata asipoulizwa.

Moshi wenyewe hufanya nini? Njia za hewa zimepambwa kwa vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga kwa pamoja mchana na usiku kusukuma makohozi juu hadi kooni. Moshi huvipooza, na papo hapo makohozi yanazidi. Usiku yanatuama kifuani. Asubuhi hakuna cha kuyatoa ila kukohoa. Koo nalo, likiunguzwa na moshi na kukwaruzwa na kikohozi, linavimba na kuuma.

Amoksisilini haitibu muwasho wa moshi, kwa kuwa hakuna bakteria wa kuua. Siprofloksasini inayonunuliwa bila cheti cha daktari ni mbaya zaidi: dawa za kundi lake huvipunguzia nguvu vijidudu vya kifua kikuu bila kuvimaliza. Mgonjwa anapata nafuu ya muda, ugonjwa unajificha, na huenda vijidudu vikawa sugu.

Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi. Namna ya kuyatoa ina uzito wake: sukutua kinywa kwa maji, simama nje penye hewa, vuta pumzi ndefu mara kadhaa, kisha kohoa kutoka ndani kabisa ya kifua, uteme ndani ya kikopo na kukifunika. Mate ya mdomoni hayafai. Mashine ya GeneXpert hutafuta vinasaba vya kijidudu na kutoa jibu kwa muda usiozidi saa mbili, pamoja na kuonyesha kama kinaishinda rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huu. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita, na dawa zake hutolewa bure kupitia mpango wa taifa.

Kama si kifua kikuu, maji ya uvuguvugu yenye chumvi na kijiko cha asali vitatuliza koo, lakini tiba yenyewe ni kuacha kuvuta. Wengi hukata tamaa hapa, maana katika wiki za mwanzo baadhi yao hukohoa zaidi kuliko zamani. Vinyweleo vimeanza kufanya kazi tena na vinatoa uchafu uliolala kifuani. Usirudie sigara kwa sababu hiyo. Mtafiti Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza tangu 1951, na matokeo ya miaka 50 yaliyotolewa 2004 yalionyesha kwamba hata aliyeacha akiwa na miaka 50 alijiongezea takriban miaka sita ya kuishi.

Usisubiri wiki mbili ukitema damu, ukimeza kwa shida, ukikonda bila sababu au ukihisi uvimbe shingoni. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu kwa mvutaji huenda ikawa saratani ya koromeo, na ikigunduliwa mapema hutibika. Papa unayesoma haya na kikohozi chako unakijua, nenda kituo cha afya wiki hii, useme wazi: ninavuta, na nimekohoa tangu siku fulani.