Kabla Kiganja Hakijashonwa

Mtu aliyekatwa na kisu kiganjani akifika chumba cha dharura huuliza atashonwa nyuzi ngapi. Ni nadra aulize atashonwa kwa uzi gani, na uzi huo ndio unaoamua kama atalazimika kurudi.

Kwa ngozi ya mkono wa mtu mzima, wengi huchukua nailoni ya 4-0 au 5-0. Namba ya mbele ikipanda, uzi huwa mwembamba zaidi. Nailoni ni unywele mmoja mlaini, haukusokotwa, kwa hiyo vijidudu havipati pa kujificha. Hariri hufunga fundo vizuri, lakini kwa kuwa imesukwa hunyonya majimaji ya kidonda na kuingiza bakteria ndani. Mkononi siipendekezi. Kasoro ya nailoni ni kwamba lazima itolewe, kwa kawaida baada ya siku 8 hadi 10, na hata 14 juu ya kiungo cha kidole, ambako ngozi hukunjwa kutwa nzima.

Hapo ndipo tabibu anapaswa kumtazama mwenye mkono. Mtoto wa miaka minne anayeishi mbali na zahanati akishonwa nailoni, mama yake anabebeshwa nauli ya pili, na mtoto anashikiliwa kwa nguvu mara ya pili. Uzi unaoyeyuka haraka hudondoka wenyewe, na tafiti zilizolinganisha nyuzi hizi mbili hazikuona tofauti kubwa ya kovu wala ya maambukizi. Kuuweka akiba kwa ajili ya nyama za ndani tu ni mazoea ya zamani. Kitanda cha ukucha nacho hushonwa kwa uzi huohuo wa kuyeyuka, mwembamba wa 6-0 au 7-0.

Mikato mingine haihitaji uzi kabisa. Mwaka 2002 jarida la BMJ lilichapisha jaribio lililofanyika Marekani: mikato ya mkono isiyofika sentimita 2, isiyogusa kano wala neva, iliyosafishwa na kufungwa bandeji tu, ilipona sawa na iliyoshonwa.

Kano na neva hupimwa kwanza. Kabla ya ganzi, mgonjwa aguswe pande zote mbili za kidole, aseme kama anahisi. Kisha kidole kishikwe chini ya kiungo cha mwisho, aambiwe akunje ncha. Ncha isipokunjika, kushona ngozi peke yake ni kuficha kano iliyokatika.

Jeraha la fundo la kidole lililotokana na jino la mtu aliyepigwa ngumi halina uzi unaolifaa. Lioshwe kwa maji mengi, liachwe wazi, mgonjwa aanzishiwe antibayotiki na kinga yake ya pepopunda ikaguliwe.