Faili Ndogo Iliyonitoa Jasho

Kompyuta zikitafutana kwenye mtandao hutumia nambari, si majina. Ukiiandikia Linux jina, kwa kawaida huchungulia kwanza faili iitwayo /etc/hosts. Humo kila mstari una nambari, kisha jina, kwa mfano 127.0.0.1 localhost, yaani "mimi mwenyewe". Jina lisipopatikana, ndipo huuliza seva iliyotajwa katika /etc/resolv.conf.

Mimi nilikosea tarakimu moja tu katika hosts. Kwa vile jina lilikuwemo, kompyuta haikuuliza kwingine. Ikawa inapiga hodi nyumba isiyo na mtu. Nami nikalaumu waya siku mbili nzima! Jamani, kabla ya kung'oa waya, someni faili. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.