Bizari ya kwetu isitoke koponi

Hivi karibuni tulihudhuria mkutano wa siku mbili katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Wakati wa chakula cha mchana tuliwekewa, miongoni mwa vyakula vingine, saladi ya rangi ya kijani na manjano ambayo wageni walikuwa wakiigombania. Ilikuwa na brokoli, vipande vyeupe vya tofu, korosho na zabibu kavu, na yote yamechanganywa katika rojo lenye harufu ya bizari ya mchuzi. Tuliila na tukaipenda. Baadaye, kwa ile tabia yetu ya kuulizauliza, tulikwenda mlangoni pa jiko tukamwomba mpishi, kijana mzaliwa wa kijiji kisichofika maili mbili kutoka pale, atueleze kila kitu kimetoka wapi. Brokoli, alisema, imetoka Lushoto kwa njia ya Dar es Salaam. Tofu imetoka ng'ambo ndani ya kasha la barafu. Rojo ni la chupa, nalo la ng'ambo. Tukauliza: na bizari? Akatuonyesha kopo. Lilikuwa limeandikwa kwa lugha mbili, na Kiswahili hakikuwa mojawapo.

Kutoka pale tulipokuwa tumesimama, mwendo wa gari wa saa moja hivi humfikisha mtu Kizimbani na Kidichi, katika mashamba ya viungo ambako wageni hao hao hupelekwa asubuhi kunusishwa manjano, tangawizi, mdalasini na karafuu. Basi asubuhi wananusishwa za mtini, na mchana wanalishwa za koponi.

Hatuandiki haya kwa kumlaumu kijana yule, kwani yeye hupika alichopewa. Wala hatusemi kwamba kila kitu cha nje ni kibaya. Tunachotaka kukieleza ni kwamba saladi ile, ambayo kwa mtazamo wa kwanza ni chakula cha kigeni kisichotuhusu, sehemu kubwa ya ladha yake na ya kazi yake inaweza kufanywa hapa Visiwani, na sehemu moja tu ndiyo isiyowezekana. Ni muhimu kuitambua ni ipi, tusije tukapoteza nguvu mahali pasipo faida.

Kwanza tuseme neno juu ya walaji wake. Wako watu, na idadi yao inaongezeka huko Ulaya na Marekani, ambao hawali chochote kitokacho kwa mnyama: si nyama wala samaki tu, bali hata maziwa, mayai, samli na asali. Wengine hufanya hivyo kwa ajili ya afya, wengine kwa kuwahurumia wanyama. Msomaji wetu asicheke. Wahindu wa Mji Mkongwe, ambao tumezoea kuwaita Mabaniani, wamekaa nasi vizazi kwa vizazi na wengi wao hawagusi nyama, ijapokuwa maziwa na samli hawaviachi. Na mwananchi wa kawaida anayekula mbaazi za nazi, kisamvu au muhogo wa nazi usiotiwa samaki, amekula mlo wa namna hiyo hiyo bila ya kuupa jina. Mwaka 2024 Visiwa hivi, ambavyo kwa sensa ya 2022 vina watu 1,889,773, vilipokea wageni zaidi ya 700,000. Hata kama wasiokula vya mnyama ni wachache miongoni mwao, ni watu wa kutosha kulishwa.

Sasa tofu. Hiyo ni jibini ya soya, asili yake ni China, nako imeliwa kwa karne nyingi kabla ya kuenea Japani na nchi nyingine za Asia. Tulipotaka kujua namna inavyotengenezwa tulidhani tutakutana na mitambo. Kumbe ni kazi ambayo kila mama wa Kizanzibari anaijua nusu yake, kwa sababu haina tofauti kubwa na kukamua tui. Nusu kilo ya soya huchambuliwa, huoshwa na kurowekwa usiku kucha. Kwa joto letu saa nane zinatosha, kwani ikizidi huanza kuchacha. Kisha husagwa pamoja na maji, ikatiwa ndani ya kitambaa safi na kukamuliwa mpaka yabaki machicha. Kwa kiasi hicho cha soya yatafutwe maziwa ya lita nne hivi.

Maziwa hayo lazima yachemshwe, na hapa hapana njia ya mkato. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga chakula, na moto ndio unaoviondoa. Yanapochemka huumuka ghafla kama maziwa ya ng'ombe na kumwagika, na yasipokorogwa hushika chini na kuungua. Yakishachemka yaachwe kwenye moto mdogo kwa dakika kumi au zaidi, kisha yaepuliwe na kupumzishwa kidogo. Ndipo hutiwa maji ya ndimu, vijiko vinane vya mezani vilivyochanganywa na kikombe kimoja cha maji, kidogo kidogo, huku upawa ukipitishwa taratibu. Chungu hufunikwa kwa robo saa. Ukikifunua unakuta mabonge meupe yanaelea katika maji ya rangi ya manjano hafifu. Mabonge hayo hutekwa, hutiwa katika kung'uto lililotandikwa kitambaa, hukunjwa na kuwekewa uzito kwa nusu saa.

Mara ya kwanza tulipojaribu nyumbani kwetu tulimimina ndimu yote kwa pamoja na tukakoroga kama tunaokoroga uji. Tulipata chengachenga zisizoshikana, ambazo kuku walizifurahia kuliko sisi. Mara ya pili tulifuata utaratibu, na tofu ikatoka nzuri, imekaza kiasi cha kukatika kwa kisu. Machicha yake hayakutupwa. Yalichanganywa na viazi na pilipili yakawa kachori, na hakuna mtoto aliyeuliza mna nini ndani.

Ndimu inagandisha vizuri, lakini huacha uchachu kidogo. Wajapani hutumia kitu kingine, nacho ndicho kilichotufanya tukae macho tulipokisoma. Chumvi ya bahari inapovunwa, hubaki maji machungu ambayo hayagandi tena kuwa chumvi, nayo yana magnesiamu kwa wingi. Wao huyaita nigari, na ndiyo wanayogandishia tofu tangu zamani. Watu wa visiwa vya Okinawa walikuwa wakitumia hata maji ya bahari yenyewe. Pemba tunayo mashamba ya chumvi. Mvunaji anapokusanya chumvi yake, maji yale machungu kwake ni uchafu wa kumwagwa. Inawezekana kabisa kwamba tunamwaga baharini kitu ambacho nchi nyingine hukitia chupani na kukiuza. Tunasema inawezekana, kwa sababu maji ya shambani huweza kuwa na taka na madini yasiyofaa kuliwa, na mtu asiyatumie kabla hayajapimwa. Kupima si kazi ya mama wa nyumbani. Ni kazi ya taasisi zetu za viwango na za usalama wa chakula, na tunaamini wataalamu wake wanasoma gazeti hili.

Tukija kwenye bizari, hapo hatuhitaji mwalimu. Neno kari limetoka Kusini mwa India, na unga wa kari wa kopo ni biashara iliyoanzishwa kwa ajili ya Waingereza, ambao katika karne ya 18 walikuwa wakiununua tayari mjini London kwa kukumbuka vyakula walivyovila Bara Hindi. Mhindi mwenyewe husaga viungo vyake nyumbani, kila nyumba kwa kipimo chake, na sisi tulijifunza kwake hivyo hivyo. Kwa saladi ya watu sita tumeona yafaa kijiko cha chai kimoja cha manjano, viwili vya giligilani, kimoja cha uzile, nusu ya uwatu, robo ya pilipili manga, iliki tatu na karafuu mbili. Mbili tu. Tusidhani kwamba kwa kuwa karafuu ni yetu basi tuitie konzi, kwani itafunika kila kitu na mgeni atahisi yuko kwa mganga wa meno. Giligilani na uzile aghalabu hutoka nje na zitaendelea kutoka nje. Hilo halina aibu.

Lakini kuna siri ambayo wenye kutumia kopo huikosa. Saladi haipikwi, na bizari iliyotiwa mbichi katika rojo la baridi hukwaruza koo na kuacha ladha ya vumbi. Kwanza ikaangwe katika vijiko vitatu vya mafuta, kwa moto mdogo, kwa muda wa nusu dakika, mpaka harufu ipande, pamoja na tangawizi iliyopondwa. Rangi na harufu ya manjano hutoka katika mafuta kuliko katika maji. Mafuta yawe ya alizeti au ya ufuta. Sisi tulitumia ya nazi kwa mapenzi, na saladi ilipotiwa katika jokofu mafuta yakaganda kama nta.

Ikishapoa, bizari hiyo husagwa pamoja na theluthi moja ya ile tofu, nusu kikombe cha tui la kasimele, ndimu moja, chumvi na kijiko cha sukari. Rojo linalotoka ni zito na laini, nalo hukaa mahali pa lile la chupa linalotengenezwa kwa mayai. Tofu iliyobaki hukatwa vipande vya ukubwa wa dadu, hukaushwa kwa kitambaa na kukaangwa mpaka igeuke rangi ya dhahabu.

Sasa brokoli yenyewe. Ni ndugu wa kabichi, tena ndugu wa tumbo moja, kwani wataalamu huzihesabu kuwa mmea wa aina moja, na kile kichwa cha kijani tunachokila ni maua ambayo hayajafunguka. Wataliani ndio walioikuza na kuipa jina. Hiyo ndiyo sehemu tuliyosema haiwezekani. Brokoli hupenda baridi ya milimani. Katika joto la mwambao kichwa hakifungi vizuri na maua hukimbilia kufunguka. Tumesikia watu wakishauri kwamba hoteli zinataka brokoli, basi wakulima wetu walime brokoli. Kwa maoni yetu huo ni ushauri wa kumtia mkulima hasara. Lushoto wana baridi, nasi tuna nazi na viungo. Wao watuletee brokoli, nasi tuwauzie bizari iliyosagwa na kufungwa vizuri. Soya pia wanayo ndugu zetu wa Ruvuma na Njombe.

Upishi wake unataka tuvunje desturi yetu moja. Sisi tumezoea kupika majani mpaka yalainike kabisa, na kwa kisamvu tuko sahihi, kwani majani ya muhogo yana sumu inayoondolewa kwa kutwangwa na kuchemshwa sana. Brokoli haina sumu hiyo. Ikizidi kuchemshwa hugeuka rangi ya matope na kutoa harufu mbaya ya kiberiti. Ivunjwevunjwe vishada vidogo, bua limenywe na kukatwa vipande vyembamba, kisha vyote vitiwe katika maji yanayotokota yenye chumvi kwa dakika mbili, bila ya mfuniko, na mara moja vitumbukizwe katika maji baridi. Vikaushwe vyema. Ndipo vichanganywe na kitunguu chekundu, korosho zilizokaangwa, zabibu kavu au, msimu ukiwapo, embe bichi, na mwisho rojo na tofu. Rojo lisitiwe mapema, maana ndimu hufifisha ule ukijani.

Kwa hiyo tukirudi kwa kijana mpishi, katika sahani yake brokoli ingebaki ya Lushoto na soya ya Bara. Bizari, tui, ndimu na mikono ya kutengeneza tofu vingekuwa vya hapa. Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha. Vikundi vya akina mama viko, lakini hoteli hununua kwa mkataba, kwa kiasi kile kile kila wiki na kwa mzigo uliopimwa, na kikundi cha watu kumi na wawili hakiwezi kuyatimiza hayo bila ya mashine ya kusagia, chumba safi na cheti. Wahusika wa viwanda vidogo wanalijua hilo. Vijana wanaosomea utalii pale Maruhubi nao wafundishwe kusaga bizari kabla ya kufundishwa kufungua kopo.

Tuliporudi mara ya pili katika hoteli ile tulimpelekea mpishi wetu tofu ya nyumbani na bizari katika chupa ya jamu. Alinusa, akacheka, akasema kwamba bibi yake husaga kama hiyo kila mwezi wa Shaabani. Tulimuuliza kwa nini hajapata kuileta kazini. Akajibu kwamba hakuna aliyepata kumuuliza. Ama maji machungu ya Pemba, rafiki yetu mmoja alituletea chupa moja. Ingali juu ya meza yetu, imefungwa, na kuanzia wiki hii iko tayari kuchukuliwa na ofisi yoyote itakayokubali kuyapima.