Kliniki ya Meno: Tubane Gharama, Tusibane Usafi

Kliniki ya meno hapa Kibiti hulipa pango, mishahara na umeme hata siku asiyofika mgonjwa. Tuchukulie gharama hizo ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi: wagonjwa 60 watabeba 20,000 kila mmoja, wakiwa 120, 10,000 tu.

Basi mwenye kliniki aijaze ratiba: awapangie siku moja wagonjwa wa visiwa vya delta, ambao safari zao hufuata maji kujaa na kupwa, anunue ganzi na glavu kwa kipimo cha mwezi, zisipitwe na muda kabatini.

Asiguse mvuke wa nyuzi 121, kwa dakika zisizopungua 15, unaotakasa koleo. Akiba ya hapo humwambukiza mgonjwa homa ya ini.

Nasi tukiahidi siku, tufike. Ahadi ni deni, na kiti kilichobaki kitupu hulipiwa na mwenzetu.