Tairi za Baiskeli za Usharika: Tuangalie Nini?

Kamati zinaponunua vipuri vya baiskeli za wanaohudumia wagonjwa majumbani, mara nyingi bei ndogo ndiyo huamua. Kwa njia za Igogo, zenye mawe, vipande vya chupa na mbigiri, tairi ya namna hiyo huishia kuwa ghali. Mhudumu akisukuma baiskeli yenye pancha, mgonjwa hubaki akisubiri.

Kwanza someni namba ubavuni mwa tairi. Baiskeli nyingi za mizigo, kama Phoenix, hutumia 40-635: upana milimita 40, na kipenyo cha rimu pale tairi inapokaa milimita 635. Ipo pia 622, ambayo nayo huitwa inchi 28. Haziingiliani, na muuzaji akishapokea fedha harudishi.

Unene peke yake hautoshi. Tairi inayostahimili miiba huwa na utepe mgumu, wa nailoni nzito au aramidi, chini ya mpira unaogusa barabara. Ikikosekana, mafundi wetu hulaza ndani kipande cha tairi kuukuu. Husaidia, ila huongeza uzito, na kingo zake zisiponyolewa husaga tyubu.

Upepo haba nao hutoboa: tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu, yakatoka matundu mawili yaliyokaribiana. Na kabla ya kurudisha tyubu yenye kiraka, fundi apitishe kitambaa ndani ya tairi, kwani mwiba uliobaki hutoboa tena.

Tunaomba kila ombi la vipuri liandikwe namba ya tairi. Wafadhili wetu wasishangae wakiona na pampu humo.