Imbwa anaharisha kisha kubadilishiwa chakula: juu ya nini?

Hapa Bukavu imbwa wengi wanaolinda parseli wanakula fufu na sambaza, ao mabaki ya jamaa. Siku mwenye parseli anapata pesa, ananunua krokete na kujaza sahani. Kesho yake imbwa anaharisha, na watu wanasema kalogwa ao krokete ni mbovu.

Mara nyingi si hivyo. Ndani ya utumbo munaishi bakteria zilizozoea chakula cha kila siku. Chakula chenye mafuta na protini nyingi kikifika kwa rafla, zinakosa muda wa kujipanga. Kisichosagwa vizuri kinavuta maji ndani ya utumbo: ndiyo kuharisha.

Badilisha polepole, siku 7 mpaka 10. Anza na robo ya chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu. Maji safi yasikosekane. Usimpe mchuzi wenye vitunguu, wala ibuprofeni ao parasetamoli ya nyumbani. Ni sumu kwake.

Lakini tuwe macho. Mtoto wa imbwa asiyechanjwa akitapika, akiharisha damu na kukataa kula, usiseme "ni chakula tu." Inaweza kuwa parvovirusi, nayo inaua kwa siku chache. Vuta kidogo ngozi ya mgongo: ikikawia kurudi, mwili umekauka. Mpeleke kwa veterineri siku ile ile, usingoje kesho.

Kwenu imbwa anakula nini?